WALIKUJA NA FULANA, WAKAONDOKA NA PICHA

Wiki hii sikuletei habari za mapenzi, wala za nani kavaa nini kwenye harusi ya nani. Leo tuongee kuhusu kutoa. Ndiyo, kutoa! Wahenga walishasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi nina kijineno cha kuongezea hapo, ila ngoja kwanza nikupe mkasa wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Septemba 2023. Mshikaji wangu niliyemaliza naye kidato cha nne alikuwa amepata ajira kwenye kampuni moja ya hapa Dar (jina nalihifadhi, watu wanapata ugali wao pale). Akanipigia simu: "Oya, kesho kampuni yetu inakwenda Nyamisati kupanda mikoko. Usafiri bure, msosi bure, fulana bure." Mimi na neno bure, si unajua tena! Saa kumi na moja alfajiri niko Mbagala Rangi Tatu, nimeshachana nywele.

Kosta mbili zikajaa wafanyakazi, muziki juu, vicheko kibao. Tukapita Mkuranga, tukapita Jaribu Mpakani, tulipofika Bungu tukakata kushoto kuelekea baharini. Kwa wasiopajua, Nyamisati ni kijiji cha wilaya ya Kibiti, ndipo watu wanapopandia boti za kwenda Mafia. Na ukifika hapo ndio umefika kwenye delta ya Rufiji, yenye mikoko zaidi ya hekta 50,000. Hakuna msitu wa mikoko uliokaa pamoja mkubwa kama huo Afrika Mashariki nzima!

Basi bwana, saa nne asubuhi tukashuka na fulana zetu mpya, zimeandikwa mgongoni kwamba tunaipenda jamii. Tunaangalia mbele... loh! Maji yamejaa tele. Tope la kupandia mikoko liko chini ya maji. Mabosi wakaangaliana. Mpiga picha kakodiwa, mheshimiwa wa kupokea msaada yuko njiani, pilau linaiva. Ikaamuliwa miche ipandwe pale juu, kwenye mchanga mkavu. Tukapanda. Kila mtu na mche wake, kila mtu na picha yake. Nusu saa tu, kazi kwisha!

Pembeni kulikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye mkeka na wenzake, anatutazama kama anayeangalia sinema. Nikamwendea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmechoka?"

Nikamwambia hata. Akacheka. "Hawa wenzio wametazama kalenda ya ukutani. Bahari haijui Jumamosi, inajua mwezi. Leo maji mafu, mwezi nusu. Mngengoja wiki moja tu, bamvua, saa hizi hapa pote tope tupu. Na huo mliopanda ni mkoko, unataka tope la maji ya kila siku. Kule juu mngeweka mchu, labda."

Nikamuuliza, sasa bibi mbona hamkuwaambia? Akanijibu taratibu: "Nani katuuliza?"

Msomaji wangu, nilikosa la kusema. Watu wamezaliwa ndani ya mikoko, wanaijua kwa majina: mkoko, mchu, mkandaa, mlilana. Wanajua upi wa boriti na upi wa mashua. Halafu tunatoka Kinondoni na kosta mbili kwenda kuwafundisha kupanda!

Na ukisikia watu wa delta wanaguna likitajwa neno kampuni, usiwashangae. Novemba 1997 serikali iliikubalia kampuni iliyoitwa African Fishing Company ifungue shamba kubwa la kufuga kambamiti humo humo kwenye delta, eneo la hekta kama 10,000. Baraza la mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri mradi usikubaliwe. Ahadi zilikuwa nyingi, ajira na maendeleo, lakini wanavijiji wengi walihofia mikoko yao na uvuvi wao, wakaenda mpaka mahakamani. Mradi ukafa kabla ya shamba kuanza. Kwa hiyo bibi alipoguna "kampuni tumeziona", hakuwa anatania.

Sasa usije ukasema mwandishi huyu anapinga misaada. Thubutu! Aprili 2024 mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama na watu wakahama nyumba zao, hapo hakukuwa na cha kujadili. Mtu aliyekimbia maji usiku anahitaji unga, godoro na chandarua, basi. Waliopeleka vitu hivyo, makampuni na watu binafsi, walifanya la maana na Mungu awalipe.

Tena hela zenyewe zipo. Benki ya NMB ina utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya jamii: madawati, mabati ya shule, vifaa vya hospitali, majanga. Faida yao ya mwaka 2023 ilizidi shilingi bilioni 500, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Hiyo si hela ya vocha! Kwenye migodi ndio kabisa, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2017 inamtaka mwenye mgodi akae na halmashauri wapange pamoja, kila mwaka, jamii ifanyiwe nini. Umeona hapo? Wapange pamoja. Kampuni ya kawaida ya mjini haina sheria hiyo inayoibana, inaamua ikiwa imekaa ofisini kwenye kiyoyozi. Ndio maana inafika saa ambayo maji yamejaa.

Majirani zetu Kenya wana mfano mzuri. Kule Gazi, Kwale, kuna mradi unaitwa Mikoko Pamoja, ulianza kuuza hewa ukaa mwaka 2013. Wanakijiji ndio wanaotunza mikoko, hekta 117, wanunuzi wa nje wanalipa, na pesa ikifika wanakijiji wenyewe wanaamua iende kwenye maji au kwenye shule. Mwenye hela analeta hela, mwenye bahari anaamua. Hakuna anayemnunulia mwenzake kiatu bila kujua namba ya mguu.

Turudi Nyamisati, maana mkasa haujaisha. Wakati watu wanagombea pilau, dada mmoja wa kitengo cha uhasibu alikuja kukaa kwenye ule mkeka wa akina bibi. Hakuwa na habari na kamera. Akaona daftari limefungwa kwenye kanga, akauliza ni la nini. Kumbe akina mama wale wana kikoba chao, wanaweka hisa, wanakopeshana mitaji ya kuuza samaki na mpunga. Na kumbe kikoba kiko mahututi! Sh. 84,000 hazionekani. Mweka hazina, mama mmoja mnyonge, kanyooshewa kidole miezi miwili, shoga zake hawamsalimii, mumewe keshaanza kusema maneno. Pale mkekani alikaa pembeni peke yake.

Dada akaomba daftari na kalamu. Akapitia ukurasa kwa ukurasa, akina mama kimya, pilau linapoa. Baada ya dakika kama arobaini akauliza: "Mama, huyu mwanachama alirejesha mkopo mara mbili?" Wakasema hapana, mara moja. Basi! Rejesho lile lile liliandikwa mwisho wa ukurasa mmoja, likarudiwa mwanzo wa ukurasa unaofuata. Sh. 84,000 kamili. Hela haikuibiwa, haikuwahi kuwepo!

Yule mweka hazina hakupiga vigelegele. Alijifunika uso na kanga akalia, na bibi akasogea kumshika mkono. Mimi mwenyewe nilijifanya vumbi limeniingia jichoni.

Nilirudi Nyamisati Januari 2024 pamoja na yule dada. Nilikwenda kule juu mchangani kuangalia msitu wetu. Nilihesabu miche hai 11, mingine yote ni vijiti vikavu, na mmoja bado una utepe wa rangi za kampuni. Dada yeye hakwenda hata kuangalia. Alikuwa anaenda kila mwisho wa mwezi kwa nauli yake, anawafundisha akina mama wawili vijana kuandika daftari: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Sanduku lenye makufuli matatu lilikuwa mezani, na aliyetukaribisha chai na mihogo ni mweka hazina yule yule, anacheka meno yote nje.

Yalipokuja mafuriko miezi mitatu baadaye, kikoba kile kilikuwa bado hai. Dada aliniambia walifungua mfuko wao wa jamii wakawasaidia wenzao ambao mpunga wao ulikwenda na maji, kabla lori lolote la msaada halijafika.

Kwenye taarifa ya mwaka ya kampuni ile, mshikaji wangu kanionyesha, Nyamisati ipo: picha kubwa ya rangi, sisi na fulana zetu, mimi mwenyewe niko nyuma nimeshika mche. Daftari la akina mama halimo. Hakuna aliyelipiga picha.

Kwa hiyo wewe kijana unayefanya kazi ofisini, wakitangaza siku ya kujitolea nenda, usiache. Lakini kabla ya kupanda basi muulize bosi swali moja tu: kule tunakokwenda, tumewauliza wanataka nini, na maji yanakupwa saa ngapi? Akikukasirikia, mwambie umetumwa na bibi wa Nyamisati.

Haya, tukutane wiki ijayo!