Ubora wa Chuo Hauko Ukutani, Uko Karakanani

Katika ofisi za wakuu wa baadhi ya vyuo vyetu vya ufundi, mgeni hulakiwa na cheti kilichotiwa fremu ya kioo, kinachotangaza kwamba chuo kimetimiza kiwango cha kimataifa cha ISO 9001. Ni jambo la kujivunia. Lakini mgeni huyo akivuka ua hadi karakanani, huenda akakuta wanafunzi ishirini wameizunguka mashine moja, mmoja akiitumia na kumi na tisa wakitazama. Hapo ndipo swali linapozuka: je, ubora uko wapi?

Swali hili si dogo. Fundi aliyefunzwa ovyo hajidhuru peke yake. Nyaya zilizounganishwa vibaya huteketeza nyumba, na kuta zilizojengwa bila vipimo huwaangukia waliomo. Naye mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo hubaki na mwana mwenye cheti, asiyeaminiwa na yeyote kushika nyundo.

Nchi yetu haijakosa mipango. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilichipuka katika miaka ya 1960, makanisa yakiwa mstari wa mbele, ili kuwafaa vijana waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi katika sekondari. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulikusudiwa kuwapa watoto stadi za mikono, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana, na useremala ukafundishwa kwa chaki. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti vyuo vya vijijini. Sheria ya mwaka 2013 nayo ikaunda mamlaka ya TVETA, ambayo kazi yake ni kuidhinisha vyuo na wakufunzi. Isitoshe, mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi apimwe kwa yale awezayo kutenda, wala si kwa yale aliyoyakariri.

Hatua hizo ni njema. Hata hivyo, mkaguzi huja mara moja na kwenda zake. Kabla hajafika, sakafu hupigwa deki, majalada hupangwa na kumbukumbu zilizosahaulika hujazwa kwa usiku mmoja. Akishaondoka, mambo hurejea yalivyokuwa. Ubora wa namna hii ni nguo ya sikukuu, ambayo huvuliwa sherehe ikiisha.

Mwaka 1950, Mmarekani W. Edwards Deming alialikwa Japani kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Aliwaambia jambo lililowashangaza wengi: kwamba kasoro nyingi hazitokani na uvivu wa mfanyakazi, bali na utaratibu mbovu wa kazi, na mwenye uwezo wa kuurekebisha ni msimamizi. Mzunguko unaonasibishwa naye una hatua nne: kupanga, kutenda, kupima na kurekebisha, kisha kuanza upya. Katika viwanda vya Toyota, kampuni ambayo magari yake yamejaa katika barabara zetu, mfanyakazi wa kawaida ana ruhusa ya kusimamisha kazi aonapo kasoro, ili chanzo chake kitafutwe papo hapo.

Falsafa hii inaweza kutumiwa vipi katika chuo chetu? Tuchukue mfano wa darasa la kuchomelea vyuma. Mkufunzi anagundua kwamba viungo vya wanafunzi wengi vina vitundu na huvunjika upesi. Ni rahisi kuwakaripia kwa uzembe. Lakini akichunguza, huenda akagundua kwamba vijiti vya kuchomelea huwekwa sakafuni penye unyevu, na kijiti chenye unyevu huacha vitundu katika chuma. Basi na vihifadhiwe mahali pakavu, viungo vya majuma yafuatayo vihesabiwe, na kasoro zikipungua, utaratibu huo uandikwe uwe kanuni ya karakana. Hakuna semina iliyohitajika wala mgeni wa heshima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo watakaosema kwamba bila fedha maneno haya ni bure. Kweli, mashine moja kwa wanafunzi ishirini ni dhuluma, na serikali ya kitaifa pamoja na za kaunti hazina budi kuwajibika. Lakini fedha pekee haziponyi. Mashine mpya isiyo na mtu wa kuitunza hugeuka chuma chakavu, na mashine iliyofungiwa stoo kwa hofu ya kuharibiwa haimfunzi mtu.

Vyuo vianze kwa kuwauliza wanaopokea matunda yao. Fundi wa jua kali anayewachukua vijana wetu kwa mafunzo ya kazini anajua upesi kuliko mkaguzi yeyote ni nini ambacho hawakufundishwa. Waliohitimu mwaka jana nao waulizwe: Je, wanafanya kazi waliyosomea? Ni lipi lililowatatiza siku ya kwanza? Majibu yao yasomwe katika mkutano wa walimu, na kila idara ichague kasoro moja ya kurekebisha muhula huo.

Kwenu wakufunzi, msione haya kukiri kasoro, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Wakuu wa vyuo nao wasimwadhibu anayeifichua, la sivyo watazungukwa na ripoti tamu na karakana chungu. Nanyi wanafunzi, msiridhike kutazama. Daini zamu yenu kwenye mashine kwa heshima na bila woga, kwani mteja hatawauliza mlipata alama gani. Atautikisa mlango mliomtengenezea aone kama umeshika.