Mbwa Anapogeuzwa Panya

Msomaji wetu aishiye Ujerumani anauliza: mbwa wake mzee, anayetumia kotisoni kwa muda mrefu, aliota uvimbe laini ubavuni. Daktari wa mifugo alipoupasua, yakatoka maji mazito yaliyojaa punje nyeupe. Je, ni saratani?

Kwa maelezo hayo, namshuku zaidi tegu, mnyoo bapa wa utumboni, aitwaye Taenia crassiceps, na punje hizo ni lava wake, yaani wachanga wake. Huyu akikomaa hukaa kwenye utumbo wa mbweha. Mayai hutoka na kinyesi, panya wa shambani huyameza, na lava hukulia mwilini mwa panya hadi mbweha amle. Mbwa, ndugu wa mbweha, kwa kawaida angebeba tegu mkubwa tu. Kinga yake ikilegea, kwa kotisoni mathalani, kisha akameza mayai, lava humfanya panya.

Utamu uko hapa. Yai moja la tegu wa nguruwe hutoa lava mmoja, basi. Lava wa crassiceps huchipua. Ni kifuko cha milimita chache tu. Upande usio na kichwa huota kinundu, kinundu kikajaa maji, kikawa kifuko, kikajitenga. Nimesema “huchipua” kwa makusudi: ningesema “huzaliana” mngetafuta dume na jike, na hapa hawapo.

Mwenye migomba ananielewa. Hakuna apandaye ndizi kwa mbegu. Tunguu lililo ardhini hutoa chipukizi, chipukizi nalo likatoa lake, na mgomba mmoja ukawa kichaka. Kuukata juu ni kujisumbua, tunguu lipo. Ndivyo daktari anavyosafisha uvimbe, kikabaki kifuko kimoja, na baada ya miezi umerudi. Mpalilizi wa shamba hili ni kinga ya mwili, na kotisoni humpa likizo. Maabara zina ukoo mmoja wa lava kutoka Kanada, ORF, uliohamishwa panya hadi panya kwa miongo mingi hata ukapoteza uwezo wa kuota kichwa. Kuchipua haujaacha.

Dawa zipo, prazikwanteli ikiwamo, ingawa tiba ni ndefu na haifaulu kila mara. Watu wenye UKIMWI nao wamewahi kuupata ugonjwa huu.

Kwa hiyo, msomaji, kotisoni usiikatishe mwenyewe. Omba punje zipelekwe maabara, vaa glavu unaposafisha kidonda, na usimwache mbwa huyo awinde panya, asije akabeba tegu mkubwa na kumeza mayai yake.