Joto la Oman Hamjalizoea

Kila mwaka ikifika Mei, swali linarudi. Familia imekuja kuchanja homa ya manjano, tiketi za Muscat zimeshakatwa, kambi ya jangwani imeshalipiwa nusu, na baba anataka kujua wabebe dawa gani. Namuuliza wanasafiri lini. Katikati ya Juni, anasema, shule zikifungwa, tena hoteli zimeshusha bei sana. Nikimwambia aahirishe, ananituliza: "Daktari, sisi watu wa Dar, joto tumeshalizoea."

Hamjalizoea. Naomba leo tulimalize hili, kwa sababu ndiyo imani inayowapeleka watoto na wazee mahali ambapo wenyeji wenyewe hawatoki nje mchana.

Juni kwetu ni kipupwe. Dar es Salaam mchana huwa nyuzi 29 au 30, na usiku watu wanatafuta shuka. Muscat mwezi huohuo mchana ni nyuzi 40, siku nyingine zaidi, na usiku mara nyingi haushuki chini ya 30. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat, kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa zote 24, alfajiri ikiwemo. Joto la namna hiyo hakuna mtu wa Dar, Mombasa wala Unguja aliyewahi kuliishi nyumbani kwake.

Kuzoea joto ni kazi halisi inayofanywa na mwili, wala si kitu ambacho mtu hurithi kwa babu yake. Ukikaa kwenye joto kali kila siku kwa wiki moja hadi mbili, jasho linaanza kutoka mapema, linakuwa jingi zaidi na chumvi yake inapungua, na moyo unapunguza mapigo kwa kazi ileile. Ukiondoka kwenye joto hilo, faida yote inapotea ndani ya wiki chache. Kwa hiyo anayesafiri Juni kutoka pwani yetu anatoka kwenye msimu wa baridi, na mazoea aliyoyapata Februari yameshakwisha. Halafu anakwenda kukaa siku tano. Atapanda ndege ya kurudi kabla mwili haujamaliza kujiandaa.

Sasa tazama ngozi yenyewe. Ina nyuzi kama 35. Hewa ikiwa na nyuzi 28, joto la mwili linatoka lenyewe kwenda nje. Hewa ikipita 35, joto linaingia, na kinga pekee inayobaki ni jasho. Nalo jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Tembea barabara ya baharini ya Muttrah, mjini Muscat, mchana wa Julai, unyevu wa bahari ukiwa umejaa hewani: shati linagandia mgongoni, matone yanadondoka kidevuni hadi chini. Kila tone lililodondoka ni maji uliyoyapoteza bila kupoa. Ukiingia jangwani, hewa ni kavu, na jasho linakauka kabla hujaliona. Unabaki na chumvi nyeupe kwenye kola, unasema hutoki jasho, huku mwili unaishiwa maji. Hapo ndipo wengine wananiambia joto kavu halina madhara. Lina madhara, ila halikuonyeshi mapema.

Waomani wanalijua hili. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria yao inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana. Ndugu zetu wa Muscat wanaozungumza Kiswahili, wengine wakiwa wamezaliwa Unguja, msimu huo hutoka usiku, au hukimbilia Salalah, kusini mwa Oman.

Na Salalah ndiyo jibu kwa mwenye likizo ya Agosti au mwisho wa Juni peke yake. Pepo zilezile za kusi zinazovuma pwani kwetu huvuka ikweta na kuelekea Dhofar, mkoa wenye Salalah, zikapita juu ya maji baridi yanayopanda kutoka kina cha bahari, na kugeuka ukungu na manyunyu milimani. Msimu huo wanauita kharifu, na huhesabiwa kuanzia 21 Juni hadi 21 Septemba. Joto ni nyuzi 25 hivi, milima inakuwa kijani. Usiogelee, bahari imechafuka. Weka nafasi mapema, maana watu wa Ghuba wanajaa na bei zinapanda. Wala usidanganyike na ziara ya jangwa kutokea huko: ukivuka mlima, joto liko palepale.

Jangwa lenyewe ni la Novemba hadi Februari. Lala kambini Bidiya, panda matuta ya mchanga jioni au alfajiri, na beba sweta kwa kuwa usiku wa Januari una baridi. Ogelea Wadi Bani Khalid, lakini mawingu yakionekana milimani toka bondeni mara moja, maana mafuriko huja ghafla, na usipige hema humo kamwe. Ijumaa asubuhi nenda Nizwa kwenye mnada wa mbuzi. Machi mwishoni na Aprili panda Jabal Akhdar kuona mawaridi, kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Bila hilo hupiti kwenye kizuizi cha barabarani. Kasa wa Ras al-Jinz hutaga zaidi miezi ya joto, ila hutoka usiku, kwa hiyo hao unaweza kuwaona hata wakati huo.

Mkiwa huko, mtu akianza kuongea ovyo juani, au akayumba, usimpe panadoli. Mtoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, piga 9999, namba ya dharura ya Oman.

Wazazi, Desemba pia shule zinafungwa. Lipeni bei ya Desemba.