Twiga hana macho usiku

Tulipoipita Doma, dereva wa semitrela aliyenibeba kutoka Morogoro alizima redio. Giza lilikuwa linaingia. "Kuanzia hapa natafuta macho," akasema.

Kwa zaidi ya miaka ishirini anapeleka mizigo Tunduma, na barabara hiyo inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Wengi wetu tumepita pale mchana, tukawaonyesha watoto tembo dirishani.

"Swala macho yao ni mengi, ya chini, yanacheza. Fisi anakupa macho, anayaondoa, anakupa tena. Nyati akikutazama unamwona, akikupa kisogo humwoni: mwili mweusi, lami nyeusi."

"Na twiga?"

Akabadili gia kwanza. "Twiga hana macho. Yako juu huko, taa yangu haifiki. Unaona miguu tu, unadhani ni miti. Ukiona mti unatembea, umeshachelewa."

Maneno hayo yamenikaa mpaka leo. Nyuma ya jicho la swala kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaomwezesha kumwona simba gizani. Mwanga wa lori ukimpiga usoni, haoni kitu, anaganda palepale. Kinachomwokoa kila usiku ndicho kinachomponza. Lami nayo hukaa na joto la mchana, na kirukanjia, yule ndege mdogo wa usiku, hupenda kutua juu yake.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, kabla ya lami. Matuta yapo, vibao vipo, faini zipo, kila mnyama na bei yake. Nilimuuliza kama amewahi kulipa.

"Mara moja. Swala. Alikuwa na mtoto, akabaki amesimama pembeni, hakimbii. Pesa nililipa, ikaisha. Yule mtoto hajaisha. Nikifika pale napunguza mwendo, utadhani bado yupo."

Kirukanjia nani anamhesabu? Na mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena mwaka 2023, tulishangilia kufika mapema, mimi nikiwamo. Sikumsikia mtu akiuliza habari za Mikumi.

Basi moja lilitupita likiwa limewasha taa zote. Dereva wangu akaliwashia taa mara mbili, mara tatu. Halikupunguza.

"Kuna twiga mbele kule, mkono wa kulia," akasema taratibu, kama anayeongea na dereva mwenzake. "Jana walikuwa watatu."