Riziki ya Njia Kuu: Tabora na Mashaka ya Ajira

Kabla ya reli kufika, hapakuwa na kazi ya ujira iliyochukua watu wengi katika Unyanyembe, nchi ya Tabora, kuliko upagazi. Wenye ilimu ya tarehe hukadiria kuwa, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wapagazi wapatao laki moja walipita kila mwaka katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 au zaidi, kwa mwendo wa miezi miwili au mitatu kutoka pwani hata Tabora. Ujira ulihesabiwa kwa doti za nguo za merikani na kaniki, na kwa shanga, posho mbali. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alipata zaidi ya wenzake, na mchukuzi wa pembe za ndovu alijiona bora kuliko mchukuzi wa robota la nguo.

Mapatano yalikuwa ya safari moja. Msafara ulipofika na mizigo kuhesabiwa, tajiri mwenye msafara na mpagazi waliachana, na hakuna aliyejua kama wangekutana tena. Pamoja na hayo, mpagazi hakuwa mnyonge kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa aghalabu alisafiri wakati wa kiangazi na kurudi kulima wakati wa masika, na kwa sababu hiyo aliweza kukataa. Naye tajiri aliyepunja posho huenda akaamka alfajiri akakuta mizigo imelala chini na wenyewe wamekwenda zao. Shamba ndilo lililompa mpagazi ujasiri huo, na hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa baina ya zama zile na zama zetu.

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja la tani 15 huchukua mizigo ya watu 500, wala halidai posho. Kazi iliyolisha vizazi kadhaa ikatoweka katika muda mfupi, na wanaume waliozoea kwenda pwani kwa hiari yao, wakiwa na sifa na nyimbo zao, wakajikuta wanakwenda huko huko kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, mikataba yao ikiandikwa na wengine na kazi yao ikipimwa kila siku na mnyapara.

Reli nayo ilileta riziki yake. Njia ya Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, Tabora ikawa njia panda ya nchi, na utumishi wa reli ukawa heshima: mshahara wa mwezi, nyumba ya shirika, na pensheni ya uzeeni. Baba aliyeunganisha mabehewa usiku alimwona mwanawe akiingia karakana bila ya shaka kuwa naye atastaafia humo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na reli mkononi mwake, ilipovunjika mwaka 1977, likaundwa Shirika la Reli Tanzania. Kisha mwaka 2007 uendeshaji ukatiwa mkononi mwa ubia ambamo kampuni ya RITES ya India ilishika hisa 51 katika 100, watumishi wakagoma wakidai mishahara yao, na haikupita miaka mingi ubia ule ukavunjwa. Yule aliyeajiriwa kwa yakini ya maisha alibadilishiwa mwajiri mara mbili bila ya kuhama kiti chake.

Leo inajengwa reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021 na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, na tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda baina ya Dar es Salaam na Dodoma. Faida yake kwa biashara ya nchi haina ubishi. Lakini fundi nondo na saidia fundi wanaosimamisha nguzo za madaraja huajiriwa kwa muda wa kazi iliyopo. Tuta likikamilika, kazi imekwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwenye kuachishwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutimiza, isizidi miaka 10. Basi kibarua ambaye hakutimiza hata mwaka mmoja hutoka bila ya malipo hayo.

Wapo pia wale wasioandikwa katika daftari lolote. Treni ya zamani inaposimama stesheni ya Saranda, akina mama hukimbilia madirishani na mabeseni ya kuku wa kukaanga, mkono mmoja ukiinua paja la kuku na mwingine ukipokea noti, chenji ikirushwa wakati magurudumu yamekwisha anza kuzunguka. Na Tabora kwenyewe msafiri hununua asali ya miombo kwa chupa. Njia mpya imezungushiwa uzio, na madirisha ya mabehewa yake hayafunguki. Hakuna waraka wa ajira utakaomtaja mama mchuuzi siku atakapokosa mnunuzi, ilhali ada za shule za wanawe zimelipwa na treni ya zamani miaka yote.

Rai yangu ni kuwa hesabu ya mradi mkubwa haijakamilika mpaka imesema ni nani atakayepoteza kazi na atakwenda wapi. Mpagazi alirudi shambani. Fundi wa reli aliyezaliwa katika nyumba za shirika hana shamba la kurudia. Chuo cha Reli kipo Tabora, palepale penye watu wenye ujuzi wa miaka mingi wa ishara, mataruma na injini za dizeli. Tunaliomba Shirika la Reli litangaze, kabla treni ya umeme haijaingia mjini, nafasi zitakazokuwapo katika njia mpya, na ni wangapi katika watumishi wa njia ya zamani watakaofundishwa kuzishika. Na katika kila stesheni mpya litenge mahali pa wachuuzi, ndani ya uzio.