Je, Wajua? Glasi ya Kweli kwa Mtoto wa Miaka 3
Katika chekechea nyingi za Montessori, mtoto wa miaka 3 hunywa maji kwa glasi ya kioo, si kikombe cha plastiki. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, alivitaka vyombo vinavyovunjika. Plastiki ikidondoka haimwambii mtoto kitu. Glasi ikipasuka, anajua papo hapo kwamba aliishika ovyo, bila mwalimu kufoka. Jagi nalo ni dogo, la kumtosha mkononi, na kitambaa kiko palepale. Maji yakimwagika, anafuta mwenyewe. Vigae, naam, huzolewa na mwalimu. Nyumbani, wengi wetu tungelipokonya jagi hata kabla halijainuliwa.