Swali la Mpemba Lafika kwenye Atomu

Ndugu wasomaji, na hasa wanakamati wa Mpemba jirani na Tunduma, jina la mahali penu linatajwa siku hizi katika maabara za fizikia za Ulaya. Halitokani na kata yenu, bali na Mtanzania mmoja, Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa inakwisha, naye akaweka yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni kutoka Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Wenzake wakacheka. Mgeni aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja.

Kuhusu maji yenyewe ubishi haujaisha. Waliopima upya Uingereza mwaka 2016 hawakuliona jambo hilo. Swali, hata hivyo, limehamia kwingine. Mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese walionyesha kwa hesabu kwamba chembe ndogo mno zinaweza kufanya vivyo hivyo. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walilithibitisha kwa ayoni 12, yaani atomu zenye chaji, zilizoshikwa kwa nguvu za umeme mahali pasipo hewa.

Fikirieni sindano 12 za dira zilizopangwa mstari, zote zimeinamishwa upande mmoja. Zikiachwa zivutane, mpangilio ule hufifia, hata ukitazama chache kati yake huoni tena upande unaopendelewa. Mtu angetegemea zilizoinamishwa kidogo zitangulie kufika hapo, kwa kuwa safari yao ni fupi. Zilitangulia zilizoinamishwa zaidi! Hapa hakuna joto wala friji. Kwa baadhi ya mifumo maelezo yamepatikana: habari za mwinamo huchukuliwa na viwimbi, na mwinamo mkubwa huchukuliwa zaidi na vile vyenye kasi.

Kamati zinazochangia maabara za shule zijue kwamba kipimajoto, vikombe viwili vinavyolingana na friji vinatosha kurudia jaribio la Magamba. Wanafunzi waandike walichokiona, hata kisipolingana na cha Mpemba.